Usaili wa MBA ukiwa Dodoma: mwongozo kamili wa kujiandaa

Ukipokea barua ya kukuita kwenye usaili wa shule ya biashara kwa ajili ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ujue karatasi zako zimeshatosha. Alama za GMAT au GRE (mitihani ya kuombea nafasi), matokeo ya chuo, insha na barua za waliokupendekeza vimepita kwenye chujio. Amebaki mtu mmoja anayetaka kukusikia ukieleza maisha yako ya kazi kwa nusu saa au zaidi kidogo. Anaweza kuwa Boston, au akawa Mtanzania mwenzako aliyehitimu shule hiyo na sasa yuko Dar es Salaam.

Nimekaa na waombaji wengi wa huku kati: maofisa wa wizara kutoka Mtumba, watu wa benki, wahasibu wa miradi, vijana wenye mashine za kukamua alizeti Singida. Kiingereza chao kwa kawaida kinatosha. Kinachowaangusha ni kwamba mtu amefanya kazi kubwa kweli, halafu anaisimulia kama taarifa ya robo mwaka: "Zoezi lilifanyika kwa mafanikio." Msaili habaki na picha ya zoezi lenyewe, aliyelifanya, wala mahali ambapo lingeweza kuharibika. Kwa hiyo karibu kila ninachokuelekeza hapa kina lengo moja: mtu ambaye hajawahi kufika Dodoma aione kazi yako, na akuone wewe ndani yake.

Usisubiri mwaliko ndipo uanze. Shule nyingi za Marekani hufunga awamu ya kwanza ya maombi Septemba na ya pili mwanzoni mwa Januari, na mwaliko ukishakuja mara nyingi unabakiwa na wiki moja au mbili tu. Siku uliyotuma maombi ndiyo siku ya kufungua daftari.

HATUA YA KWANZA: Jua unaitwa kwenye usaili wa aina gani

Shule hazifanani. Harvard wanakupa dakika 30 na mtu wa ofisi ya udahili ambaye ameshasoma faili lako lote. Huyo hana haja ya kusikia tena ulichoandika. Atachukua sentensi moja ya insha yako na kuichimba: kwa nini ulihama kazi ile, nani alikupinga, ungerudia ungefanyaje. Kabla ya usaili wa namna hii, soma maombi yako mwenyewe mstari kwa mstari na kila mstari uulize "kwa nini?" mara tatu.

Booth ya Chicago na Yale wana utaratibu mwingine: anayekusaili ameona CV yako tu. Insha hajaisoma. Hapo usiseme "kama nilivyoeleza kwenye insha," maana kwake hujaeleza kitu. Stanford hutumia zaidi wahitimu wao wa zamani, nao pia huwa na CV peke yake, na maswali yao hupenda kujua ulifanya nini hasa katika tukio fulani.

INSEAD, shule ya biashara ya Ufaransa, kwa kawaida hukukutanisha na wahitimu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kabla ya hapo kuna maswali ya video: swali linatokea kwenye skrini, unapewa muda mfupi wa kufikiri, kisha kamera inaanza kurekodi. Hakuna uso wa kukuitikia. Hiyo inahitaji mazoezi yake peke yake, kwa sababu kuongea na ukuta kwa uchangamfu ni kazi.

Wharton, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wana mjadala wa kundi. Watu watano au sita mnapewa mada mapema, kila mmoja anafungua kwa dakika moja, kisha mnajadiliana mpaka dakika 35 ziishe na mwe na jambo mnalokubaliana. Baadaye kila mtu ana mazungumzo mafupi ya peke yake. Sisi tuliolelewa kwamba mdogo hamkatizi mkubwa huwa tunakaa kimya mno hapa. Si lazima ukatize mtu. Beba kazi ya kuunganisha: "Wazo la mwenzangu linajibu swali la gharama, bado hatujajibu nani atalisimamia." Sentensi mbili za namna hiyo kwa wakati wake zinaonekana kuliko hotuba.

HATUA YA PILI: Daftari la kazi zako

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine pote, na ndipo watu wanaporuka.

Chukua daftari la kawaida. Kila kazi uliyowahi kufanya ipe kurasa mbili. Andika kwa Kiswahili, haraka, bila kujali sarufi: kulikuwa na nini ulipofika, kilibadilika nini, wewe ulishika wapi. Kumbukumbu ni dhaifu, kwa hiyo fungua makundi ya zamani ya WhatsApp ya ofisini, ripoti za mwezi, barua pepe ulizotuma usiku. Mpigie mtu mliyefanya naye kazi umwulize: "Hivi kaka, ile hesabu ya Kondoa ilikwamaje mpaka ikakaa sawa?" Utashangaa anavyokumbuka ulichofanya wewe kuliko unavyokumbuka mwenyewe.

Tafuta matukio kama manane. Yawemo la kuongoza watu bila kuwa na cheo, la kumbishia mkubwa kwa heshima, la kushindwa, la mgogoro na mwenzako, la kuanzisha kitu, na la kumsaidia mtu akue. Moja litoke nje ya kazi: kanisani, msikitini, kwenye kikoba, kamati ya shule, timu ya mtaa. Waombaji wa kwetu hulidharau hili la mwisho. Mtu aliyekuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama Nkuhungu kwa miaka minne, fedha isipotee hata siku moja, ana simulizi la uaminifu na uongozi ambalo wengi watakaosailiwa siku hiyo hawana.

Kila tukio liwe na namba ambazo unaweza kuzitetea. Shilingi ziweke pia kwa dola, maana "milioni arobaini" haimwambii kitu mtu wa London. Watumishi wa umma, angalieni: siri za ofisi zibaki ofisini. Unaweza kueleza ulivyoongoza zoezi bila kutaja yaliyomo kwenye waraka wa siri, na msaili atakuheshimu ukimwambia waziwazi kwamba hapo huruhusiwi kuingia ndani zaidi.

HATUA YA TATU: Geuza taarifa kuwa simulizi

Tuchukue mfano wa kutunga. Ofisa mikopo wa benki anaulizwa: nieleze wakati ulipowashawishi watu ambao hawakukubaliana nawe. Jibu la kwanza huwa hivi:

"Katika taasisi yetu tulikuwa na changamoto ya marejesho ya mikopo ya kilimo. Tukafanya vikao na wadau mbalimbali, tukaweka mikakati, na hatimaye hali ikaboreka."

Hakuna uongo hapo, na hakuna mtu pia. Sasa mwombaji yuleyule, baada ya kukaa na daftari:

"Nilihudumia wakulima wa alizeti wilaya ya Kongwa. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mkulima anavuna kuanzia Mei. Mikopo yetu ilidai rejesho kila mwezi kuanzia Januari, wakati mkulima hana hata debe moja la kuuza. Kati ya wakulima wangu 60, 38 walikuwa nyuma, na meneja alitaka tuanze kukamata dhamana. Niliomba wiki mbili. Nikaenda kwa wakulima 20, nikaandika kila mmoja anapata fedha mwezi gani na kutoka wapi, nikarudi na jedwali la ukurasa mmoja: karibu wote hupata fedha kati ya Juni na Agosti. Meneja hakukubali. Aliogopa makao makuu wangesema analea wadaiwa sugu. Nikapendekeza tubadilishe ratiba kwa wakulima 15 tu, na jina langu liandikwe kwenye pendekezo. Msimu ulipoisha, 13 walikuwa wamemaliza deni. Mwaka uliofuata tawi zima likatumia ratiba hiyo."

Angalia kilichofanyika. Msimu wa mvua umeelezwa kwa sentensi moja, na bila sentensi hiyo msaili asingeelewa kwa nini rejesho la Januari ni tatizo. Meneja hakufanywa mjinga. Hofu yake imetajwa, na pendekezo limejibu hofu hiyo. Mwombaji amehatarisha jina lake. Jaribio ni dogo, na ndiyo maana linaaminika. Kwa Kiingereza cha kuongea hapo ni kama dakika mbili, na zaidi ya hizo msaili anachoka.

Swali litakalofuata karibu nina hakika nalo: na wale wawili? Mwombaji aliyekuwepo kweli atajibu hapo hapo kwamba mmoja aliuguliwa na mwingine aliuza mavuno akahama. Aliyetunga atababaika. Ndiyo sababu nakusihi usipambe tukio hata kidogo. Wasaili hawa wamesikia mamia ya watu, na wanachimba pale tu unapopita haraka.

Jambo la kujitaja linatusumbua wengi. Tumefundishwa kwamba kujisifu ni utovu wa adabu, na ofisini kila jambo ni la "timu." Hapa tenganisha: sema timu ilifanya nini, kisha sema wewe ulifanya nini ndani ya timu. Kusema "nilikwenda, nikaandika, nikapendekeza" ni kutoa ushahidi. Kujisifu ni kusema "mimi ni kiongozi shupavu," na hilo kweli liache.

HATUA YA NNE: Maswali yasiyokosekana

"Jieleze," au "nipitishe kwenye CV yako," ni la kwanza karibu kila mahali. Dakika mbili. Usianzie shule ya msingi, wala jina kamili na hali ya ndoa kama kwenye usaili wa ajira serikalini. Anzia kwenye kitu kinachoeleza njia yako, pita kwenye maamuzi yaliyokubadilisha, malizia kwenye sababu ya kuomba. Maamuzi ndiyo yenye uzito: kwa nini uliacha kazi ya Dar ukahamia Dodoma, kwa nini ulibaki wakati wenzako walihama.

"Kwa nini MBA, na kwa nini sasa?" Jibu la "kuongeza ujuzi" halitoshi, maana hata kozi fupi ya CBE au Chuo cha Mipango inaongeza ujuzi. Taja kitu ulichojaribu kukifanya ukakwama. Tuseme unasimamia ghala la mahindi karibu na soko la Kibaigwa, unajua kununua na kuhifadhi, lakini ulipotaka mtaji wa kujenga ghala la pili hukuweza kumwonyesha mwekezaji hesabu za miaka mitano ijayo. Hapo msaili anaona shimo na anaona MBA inavyoliziba.

"Utafanya nini ukimaliza?" Kusema unataka kuisaidia nchi ni vizuri, ila hakumpi msaili kitu cha kushika. Taja kazi, sekta, na mahali. Kisha uwe tayari kwa swali la mpango wa pili, maana shule zinataka kujua utaajirika hata kama wa kwanza umechelewa. Kama unalipiwa na Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, kumbuka inamtaka mnufaika arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili, kwa hiyo usimwambie msaili wa shule unataka kubaki London huku umewaandikia wafadhili jambo lingine.

"Kwa nini shule yetu?" Sifa za jumla zinamfaa kila mtu. Unganisha namna wanavyofundisha na hali yako. Harvard hufundisha kwa visa vya biashara, darasa la watu kama 90, na kuchangia darasani kunabeba sehemu kubwa ya alama. Je, kuna tukio linaloonyesha unajifunza kwa kubishana na watu? MBA ya INSEAD ni miezi 10. Kama mwajiri wako anaweza kukuruhusu mwaka mmoja na si miwili, hiyo ni sababu halali kabisa, iseme bila aibu. Kabla ya usaili ongea na angalau mhitimu mmoja au mwanafunzi wa sasa. Watanzania wapo wachache kwenye shule nyingi hizi, lakini Wakenya, Waganda na Wanigeria wapo wengi zaidi, na ukiwaandikia ujumbe mfupi wenye maswali mawili ya maana, wengi hujibu.

"Nieleze ulivyoshindwa." Hili naliwekea mkazo. Mvua kutonyesha si kushindwa kwako, bajeti kuchelewa si kushindwa kwako, na "ninafanya kazi kupita kiasi" ni jibu la kukwepa. Chagua jambo ambalo uamuzi wako ndio uliolivunja. Mfano: uliahidi kununua zabibu za wakulima wa Hombolo kabla ya kuwa na mkataba na kiwanda, zikaiva, mnunuzi akasita, na zabibu haisubiri. Sema ulikosea wapi, nani aliumia, ulimlipaje, na tangu hapo unafanya nini tofauti. Sehemu ya "nani aliumia" ndiyo watu huificha, na ndiyo inayoonyesha utu uzima.

HATUA YA TANO: Mazoezi ya sauti

Kusoma majibu kimya kimya hakusaidii. Ongea. Jirekodi kwa simu ukijibu swali moja, kisha lisikilize ukiwa unatembea. Utasikia mwenyewe pale unapozunguka.

Usikariri. Aliyekariri husikika mara moja, na akikatizwa hapati pa kuanzia tena. Kwa kila tukio andika maneno matano tu kwenye kikaratasi: Kongwa, Januari, meneja, 15, 13. Ukiweza kusimulia tukio zima kwa Kiswahili kwa mama yako mdogo akaelewa, hamia Kiingereza na ulisimulie kwa maneno mepesi yaleyale. Kiingereza cha ripoti, chenye sentensi ndefu na maneno mazito, kiache kwenye ripoti.

Tafuta watu wawili wa kukusaili. Mmoja awe anaijua kazi yako, akukamate ukipunguza au ukiongeza. Wa pili awe haijui kabisa. Mwalimu wa sekondari, muuguzi, jirani. Huyu wa pili ndiye wa thamani zaidi. Mwambie akunyooshee mkono kila asipoelewa. AMCOS ni nini? OC ni nini? Kwa nini mlisubiri kibali? Kila mkono unaonyooshwa ni mahali ambapo msaili wa kweli angepotea na asingekwambia.

HATUA YA SITA: Saa, chumba na siku yenyewe

Hesabu ya saa imewakosesha watu usaili. Sisi hatubadilishi saa, wao wanabadilisha. Saa tatu asubuhi ya Boston ni saa kumi jioni hapa Dodoma wakati wa majira yao ya joto. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba inakuwa saa kumi na moja jioni, na inarudi Jumapili ya pili ya Machi. Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ya mwisho ya Machi: London iko nyuma yetu saa mbili majira ya joto, tatu majira ya baridi. Saili za awamu ya kwanza na ya pili huangukia hasa kwenye majuma hayo. Andika muda kwa tarakimu 24, 16:00 au 17:00, kisha pembeni uandike kwa saa zetu, na umwombe mtu mwingine ahakiki.

Kuhusu chumba, usidharau paa. Usaili wa Februari au Machi unaangukia katikati ya msimu wetu wa mvua, na mvua ikishuka kwenye bati lisilo na dari hakuna atakayekusikia. Tafuta chumba chenye dari, na wakati wa upepo funga madirisha mapema. Ofisi baada ya saa za kazi, au chumba kidogo cha mikutano hotelini, kinafaa kuliko mgahawa. Laptopu iwe na chaji kamili, maana umeme unaweza kukatika na ruta ikazima nao. Weka simu pembeni yenye laini ya mtandao mwingine na bando la kutosha, GB 3 hivi, na ujaribu kuhamia hotspoti siku moja kabla ili mikono izoee. Mwanga uwe mbele ya uso wako, dirisha lisiwe mgongoni. Andika namba au barua pepe ya msaili kwenye karatasi, si ndani ya kompyuta ambayo inaweza kuzima.

Mtandao ukikatika, rudi, omba radhi mara moja, endelea ulipoishia. Usitumie dakika tano kueleza hali ya umeme.

Kama unakutana na mhitimu ana kwa ana Dar es Salaam, treni ya SGR imerahisisha safari tangu 2024, ila nenda siku moja kabla ulale huko. Mhitimu Mtanzania aliyekuzidi umri mwamkie shikamoo kama kawaida, kisha mwache yeye achague lugha. Mara nyingi atahamia Kiingereza. Msaili wa Marekani akijitambulisha kwa jina la kwanza, mwite hivyo hivyo. Najua linakwama kooni. Zoea kwenye mazoezi.

Na pale unapoulizwa kama una swali, uwe nalo. Mhitimu mwulize jambo analoweza kujibu yeye tu: ni somo gani alilotumia alipokutana na hali ya huku, au ni nini kilimshangaza alipofika. Karo na tarehe ya majibu viko kwenye tovuti ya shule.

BAADA YA USAILI

Kabla hujampigia mtu yeyote, kaa dakika kumi uandike maswali yote uliyoulizwa na ulivyojibu. Kama una usaili wa pili, hapo ndipo maandalizi yake yanapoanzia.

Ndani ya saa 24 tuma shukrani fupi, mistari minne mitano, ukitaja kitu kimoja mlichozungumza kweli. Usiongeze hoja uliyosahau wala kuambatisha vyeti.

Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, soma wanachoruhusu. Shule nyingine hukaribisha taarifa mpya, kama cheo au mradi uliokamilika, na nyingine husema wazi wasitumiwe chochote, fuata wanavyosema. Ukikataliwa, daftari lako lihifadhi. Omba maoni pale shule inapoyatoa, endelea kuandika matukio ya mwaka unaofuata, na ukiamua kuomba tena, onyesha kilichobadilika tangu maombi ya kwanza.